Asante ya Lori

Naishi Mutuka, pale Babati, na mgeni akisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huwa anatabasamu. Mganda gari huliita emmotoka, Mnyarwanda huliita imodoka, Mkongo wa Kilingala huliita motuka. Hata Kiswahili cha wazee wetu kilikuwa na motokaa. Sisemi kwamba jina la kata yetu limetoka huko. Nasema tu kwamba ukimwambia mtu "naishi Mutuka", sikio lake linasikia gari.

Na kweli gari lipo. Liko uani kwa mjomba, chini ya mgunga, limekalia mawe manne. Ni lori la Bedford aina ya TJ, yale yenye pua. Tairi hakuna, vioo hakuna, kuku wanatagia ndani ya keni. Herufi za mbele ambazo zamani ziliandika jina lake zimebaki nne: B, D, F na D. Mtoto anayejifunza kusoma hawezi kupata neno hapo.

Mwaka jana, baada ya mbaazi kuvunwa, walikuja vijana wa chuma chakavu na mizani yao. Binamu yangu alikuwa anatafuta fedha za kuanzia pikipiki ya kubebea abiria, akaona Mungu amejibu. Tukakaa kikao. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesemekana nimesoma, nikapewa kazi ya kumweleza mjomba. Nikajitutumua. Nikamwambia, "Mjomba, hili lori lilishakufa. Hata wenyewe waliolitengeneza walishalizika. Sisi tunalinda nini?"

Mjomba aliwatazama wale vijana, akaitazama mizani, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Na mimi je, nitafika kilo ngapi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini ndugu msomaji, kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ndicho kilichonishikisha kalamu. Kwa maana mzee aliuliza swali la haki kabisa: kitu kilichokubeba, kikishashindwa kukubeba, una deni nacho? Au deni lilikwisha siku kilipozima?

Hebu kwanza tulijue hilo lori lenyewe, maana si vizuri kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

Bedford ni Mwingereza kwa jina na Mmarekani kwa damu. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925. Wakati huo General Motors ilikuwa ikiunganisha malori ya Chevrolet London, na kazi hiyo ikahamishiwa Luton, kwenye jimbo la Bedfordshire. Mwaka 1931 lori likapewa jina la Kiingereza, Bedford, na Chevrolet akabadilishiwa kanzu. Katika Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ilitengenezea jeshi la Uingereza malori takribani 250,000. Baada ya vita malori hayo yakafuata kila barabara ambako bendera ya Mwingereza ilikuwa imepepea, na barabara yetu ikiwemo. Babati tuko kwenye ile njia waliyoiita Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Arusha ikapita kwetu, ikapanda Bereku, ikateremka Kondoa na kwenda Dodoma.

TJ ilianza kuuzwa mwaka 1958. Uzuri wake haukuwa mwendo. Uzuri wake ni kwamba fundi aliyejifunza kwa kutazama aliweza kuifungua chini ya mti na kuifunga tena kabla ya jua kuzama. Mjomba husema, "Bedifodi ilikuwa haina siri." Huo ndio wasifu mfupi kuliko yote niliyowahi kusikia, na nadhani hakuna kampuni yoyote ingeweza kuununua.

Basi kulitokea nini? Huku kwetu mambo yalianza kuharibika kidogo kidogo, kisha kwa mpigo. Mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na mtu wa Babati aliyezoea spea za kutoka Nairobi akabaki anaangalia Namanga kwa mbali. Mwaka 1978 Idi Amin akaivamia Kagera. Malori ya raia na ya mashirika yakachukuliwa kubeba askari na vyakula, na lori alilokuwa akiendesha mjomba likawa mojawapo, naye akaenda nalo. Baada ya vita fedha za kigeni zikawa adimu kama mvua ya Septemba. Lori likiharibika rejeta linasubiri miezi, tena wakati mwingine linasubiri mwenzake afe ili lirithi rejeta yake.

Halafu milango ikafunguliwa. Kuanzia mwaka 1984 wenye fedha zao waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na enzi za Mzee Ruksa Wajapani wakaingia kwa wingi: Isuzu, Mitsubishi, Toyota. Leo lori la wastani Babati ni Fuso hata kama si Fuso, na lori dogo ni Canter hata kama si Canter.

Huko kwao nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1986 General Motors ilitaka kuinunua Leyland ya malori pamoja na Land Rover kutoka serikali ya Uingereza. Waingereza wakapiga kelele: Land Rover yetu apewe Mmarekani? Mazungumzo yakavunjika. General Motors nayo ikaamua kwamba lori la Bedford halina faida, na mwaka 1987 kiwanda cha Dunstable kikauzwa kwa mtu mwingine aliyeendelea kwa jina jipya, AWD. Mwaka 1992 na hiyo ikafilisika. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumwambia mjomba kwamba wenyewe walishalizika.

Tunapenda kusema kwamba kitu kikifa, kimeuawa na kipya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi vijana ndio tunaotupiwa methali hiyo kila tunapobadilisha mtindo wa nywele. Lakini nikifuatilia hadithi za majina makubwa, naona methali nyingine inafaa zaidi: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Chukua Oldsmobile, jina jingine la General Motors. Lilianza mwaka 1897. Mwaka 1977 liliuza magari zaidi ya milioni moja. Mwaka huo huo wateja wakagundua kwamba ndani ya baadhi ya Oldsmobile walizonunua mlikuwa na injini za Chevrolet. Wengine wakaenda mahakamani. Kampuni ilishangaa: injini ni nzima, gari linakwenda, mnalalamika nini? Wateja walilalamika kwamba walilipia jina, wakapewa boneti tu. Kesi zilikwisha, na jina likaendelea kuuza vizuri miaka kadhaa, lakini somo halikushikwa. Magari ya kampuni moja yakazidi kufanana, jina likawa kibandiko, na Aprili 2004 Oldsmobile ya mwisho ikatoka kiwandani Lansing, Michigan. Miaka 107, kwisha. Bedford nayo katika siku zake za mwisho ilibandikwa kwenye magari madogo ya Isuzu na Suzuki. Wakati mjomba akihangaika Babati kutafuta spea ya Bedford ya kweli, Uingereza jina lile lile lilikuwa limevalishwa Mjapani.

Kwa hiyo hoja ya kwanza tuliyoitoa kijiweni ilikuwa rahisi. Mshikaji mmoja alisema: "Kama mwenye jina mwenyewe hakuliheshimu, kwa nini wewe wa Mutuka ulilie? Mmarekani aliuza, akahesabu fedha, akaenda zake. Sisi tumebaki na matanga ya marehemu ambaye ndugu zake hawakuvaa hata kaniki." Tukamshangilia. Na lazima nikiri kwamba sijapata jibu la kumshinda. Mwaka 2017 General Motors hiyo hiyo iliuza hisa zake za kiwanda cha Nairobi, asilimia 57.7, kwa Isuzu, na kiwanda kikabadilishwa jina kuwa Isuzu East Africa. Ilikuwa pale tangu miaka ya 1970. Kampuni haina mila ya kuaga. Kampuni inafunga daftari.

Hata wanaoapa kulinda jina, sijui huwa wanalinda nini. Wale Waingereza waliokataa Land Rover isiende kwa Mmarekani mwaka 1986, miaka minane baadaye waliiona inakwenda kwa Wajerumani wa BMW, mwaka 2000 ikaenda kwa Ford, ambaye ni Mmarekani tena, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Tata wa India. Kelele zote zile, na jina likaishia mikononi mwa nchi ambayo Mwingereza aliitawala. Mapenzi ya jina ni kama kumshika samaki kwa mkono mtupu.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini na kusema: uza, chukua mkwanja, binamu apate pikipiki. Lakini kuna hoja ya pili, nayo sikuipata kijiweni. Niliipata kwa mjomba.

Jioni moja baada ya kile kikao nilimwendea kuomba radhi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea pale palipokuwa na tairi. Nikamuuliza waziwazi: "Mjomba, unalipendea nini hili gari?" Akacheka. Akasema halipendi. Lilimvunja kidole, likamlaza porini siku nne karibu na Bonga, likamfanya akose mazishi ya mama yake. "Silipendi hata kidogo. Lakini nitaonyesha nini?"

Sikuelewa, akanieleza. Aliendesha lori la tajiri mmoja tangu ujana wake. Mshahara ulikuwa unakuja na kukatika, unakuja na kukatika. Mwaka 1991 tajiri aliamua kuacha biashara, akampigia hesabu ya malimbikizo, na badala ya fedha akampa lori. Hakuna barua ya kazi, hakuna kiinua mgongo, hakuna cheti. Kule Kagera alikokwenda hakuna karatasi inayosema alikwenda. Lori lilitembea mpaka mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipoharibu barabara, gia boksi ikavunjika, na spea haikupatikana tena. Tangu hapo limesimama. Mtoto akimuuliza, "Babu, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" ananyoosha kidole kwenye mgunga.

Naam. Sisi wenye vyeti tunavitunza kwenye bahasha ya kaki, tunavikunja kwa nailoni visiingie maji. Cheti cha mzee huyu kina uzito wa tani kadhaa, hakikunjiki, na kuku wanakitagia. Nasi tulikuja na mizani.

Ndipo nilipoona kosa letu sote wawili, mimi na yule mshikaji. Tulikuwa tunabishana kama tuna deni kwa Bedford. La hasha, hatuna. Bedford haikutujua. Hakuna mtu Luton wala Detroit aliyewahi kulala macho akiifikiria Bereku wakati wa masika. Lakini angalia jinsi sifa zinavyotembea. Lori lilipopanda Bereku na magunia sitini ya mahindi, watu walisema, "Bedifodi ni kiboko!" Hawakusema dereva ni kiboko. Hawakumtaja tingo aliyekimbia nyuma na gogo mkononi, tayari kulitupa chini ya tairi lori likirudi kinyumenyume. Hawakumtaja fundi aliyekata springi ya gari jingine akaichonga ikaingia. Sifa zote zilipanda zikakaa kwenye herufi saba za boneti. Jina lilikula jasho la watu, likanenepa, likauzwa.

Kisha jina lilipoanguka, watu wale wakaangushwa nalo. Tukasema "yale malori ya kizamani", na kwa pumzi hiyo hiyo "wale madereva wa kizamani". Kilichopitwa na wakati ni chuma. Ujuzi wa kuusikiliza mlima kwa mguu ulio kwenye klachi haukupitwa na wakati. Ulikosa tu mahali pa kusimamia.

Sasa nasikia msomaji mmoja akisema: mbona unazunguka, kama deni ni la watu basi uza chuma, watu ni watu, chuma ni chuma. Hoja nzuri, ila ina shimo. Mtu asiye na karatasi, ushahidi wake uko ndani ya vitu. Ukimwambia "thamani yako haiko kwenye hili lori" umesema kweli, lakini ukimaliza kusema unaondoka na lori, yeye anabaki na maneno yako. Na maneno yanayosemwa na mtu aliyeshika mizani hayana uzito. Kama unataka kuondoa shahidi, kwanza leta shahidi mwingine wa kukaa mahali pake. Hapo ndipo deni letu lilipo, na hakuna kampuni inayoweza kutulipia.

Nawageukia wenzangu mnaotaka kuandika. Sisi nasi tunapenda majina. Kijana akianza kuandika anataka hadithi yake itokee Dar es Salaam, au Nairobi, au hata London, mahali ambapo jina limekwisha kunenepa. Babati anaona haina kitu, ziwa moja na viboko wake, Mlima Kwaraa, na barabara. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa naijua historia ya General Motors kuliko ninavyojua mjomba wangu alikula nini zile siku nne za Bonga. Nilijua mwaka kiwanda kilipouzwa, sikujua mwaka aliofiwa na mama yake. Hiyo ni elimu, sikatai, lakini ni elimu ya kumjua tajiri na kumsahau dereva.

Basi nikanunua daftari la kurasa mia. Nilikwenda kwa mjomba jioni tatu mfululizo. Sikumuuliza habari za lori, nilimuuliza habari za watu. Akanitajia matingo aliofanya nao kazi, yupi alikuwa mwizi wa dizeli na yupi aligawana naye ugali wa mwisho. Akanitajia mafundi wa Kondoa, mama aliyekuwa akiuza uji kabla ya mlima, askari mmoja aliyembeba kwenda Kagera na hakumbeba kurudi. Mengine alikataa nisiandike. Jioni ya tatu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nimsomee. Nikasoma yote. Alinirekebisha mahali pawili: jina la mto, na idadi ya magunia. Hayakuwa sitini, yalikuwa hamsini na tano. Akasema, "Usiniongezee. Watakuja kusema na mengine ni uongo."

Halafu akasema, "Haya, waite wenye mizani."

Nilitaka niwaambie kwamba mzee alitoa machozi, hadithi ingependeza. Hakutoa. Alibishana bei kama mtu anayeuza ng'ombe mnadani. Alikataa mizani yao, akataka iletwe nyingine, akaikagua ndoano. Walipokata keni kwa moto, kuku wakatawanyika wakipiga kelele, naye akawaambia vijana watangulize kutoa mayai. Fedha aligawa mwenyewe. Binamu alipata sehemu ya pikipiki, si yote, na sehemu nyingine mzee aliificha na hakuna anayejua alikoipeleka.

Siku hizi Arusha hadi Babati ni lami tupu, na kutoka Babati hadi Dodoma ni kilomita 251 za lami zilizozinduliwa mwaka 2018. Basi linapanda Bereku abiria wamelala. Hakuna anayehitaji gogo la kutupa chini ya tairi, na hilo ni jambo jema, nisije nikaeleweka vibaya.

Chini ya mgunga yamebaki mawe manne na udongo mweusi wa mafuta usioota majani. Daftari liko kwangu, ndani ya bahasha ya kaki, limekunjwa kwa nailoni. Lakini kuna jambo linanisumbua, na ninaliacha kwako, ndugu msomaji. Zamani mtoto akiuliza, mzee alinyoosha kidole tu. Siku hizi inabidi amwambie, "Nenda kamuulize mjomba wako, yeye ndiye mwenye daftari." Je, nimemlipa deni, au nimemfanya anidai mimi?